Justinian Rweyemamu na Mfumo wa Utegemezi

Katika miaka ya 1950 na 1960, David Easton, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliitazama siasa kama mfumo: madai na uungaji mkono wa wananchi huingia, maamuzi hutoka, na matokeo ya maamuzi hayo huzaa madai mapya. Nadharia hiyo ilifafanua namna mfumo unavyojidumisha. Hata hivyo, haikushughulikia vya kutosha nchi ambazo maamuzi makubwa kuhusu uchumi wao hufanywa nje ya mipaka yao. Suala hilo ndilo lililotawala kazi ya Profesa Justinian Rweyemamu.

Rweyemamu alizaliwa mwaka 1942 wilayani Bukoba. Huko Buhaya kahawa ilikuwa imekwisha kuwa zao la biashara. Mkulima aliitunza mibuni katika kibanja chake kati ya migomba, ilhali bei ilitegemea masoko ya ng'ambo. Alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Fordham, kisha Harvard, alikopata shahada ya udaktari katika uchumi. Aliporejea alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kitabu chake kuhusu viwanda na uduni wa maendeleo nchini Tanzania kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Humo alidai kuwa kuongezeka kwa viwanda si lazima kulete maendeleo. Viwanda vingi vilitegemea mitambo na malighafi kutoka nje, vilizalisha bidhaa za walaji wachache wenye uwezo, na havikuwa na uhusiano wa kutosha na kilimo. Hivyo basi, kasoro haikuwa ya kiwanda kimoja kimoja, bali ya muundo mzima, na muundo huo ulikuwa zao la historia ya ukoloni.

Kutokana na hoja hiyo, mabadiliko yalihitaji uamuzi wa kisiasa. Katikati ya miaka ya 1970 Rweyemamu alikuwa msaidizi wa Rais Nyerere katika masuala ya uchumi. Wakati huo Tanzania ilichagua mkakati wa viwanda vya msingi wa miaka 1975 hadi 1995. Mwelekeo huo ulikaribiana na fikra zake na za Clive Thomas, mchumi wa Guyana aliyewahi kufundisha Dar es Salaam. Lakini mkakati wa kupunguza utegemezi ulihitaji kwanza fedha za kigeni za kununulia mitambo. Kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyoanzia katika mkoa wake wa nyumbani, viliipunguza sana akiba hiyo.

Aidha, Rweyemamu alilipeleka suala hilo katika uwanja wa kimataifa. Alifanya kazi katika sekretarieti ya Tume ya Brandt, iliyotoa ripoti yake mwaka 1980, na baadaye katika Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo wa 1980 kilitoka kitabu alichokihariri chini ya CODESRIA kuhusu viwanda na mgawanyo wa mapato barani Afrika.

Alifariki mwaka 1982 kabla ya kutimiza miaka 40. Miaka minne baadaye Tanzania iliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mkakati wa viwanda vya msingi ukaachwa kabla ya muda wake. Kushindwa huko kumeacha hoja mbili zisizopatanishwa kwa urahisi: kwamba Rweyemamu aliitarajia dola kupita uwezo wake, na kwamba mfumo alioueleza ulikuwa na nguvu kama alivyousawiri.