Ferdinand von Hebra

Ferdinand von Hebra (Brno, 7 Septemba 1816 – Vienna, 5 Agosti 1880) alikuwa daktari wa Austria anayehesabiwa kati ya waanzilishi wa tiba ya ngozi kama tawi la pekee la utabibu. Anakumbukwa hasa kwa kuthibitisha kwamba upele husababishwa na mdudu mdogo anayechimba ngozini, na kwa kuonyesha kwamba sura mbalimbali za ukurutu ni hatua za ugonjwa mmoja. Jina lake kamili lilikuwa Ferdinand Karl Franz Schwarzmann, Ritter von Hebra.

Maisha ya awali na masomo

Alizaliwa mjini Brno katika jimbo la Moravia, wakati ule sehemu ya Milki ya Austria, leo katika nchi ya Ucheki. Alisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Vienna akahitimu mwaka 1841.

Walimu wawili walimwathiri kuliko wengine. Karl von Rokitansky alikuwa mtaalamu wa kupasua maiti, aliyelinganisha dalili za mgonjwa akiwa hai na madhara yaliyoonekana katika viungo vyake baada ya kufa. Josef Skoda alikuwa bingwa wa kupima kifua kwa kukigonga na kukisikiliza. Wote wawili walifundisha kwamba daktari atafute ugonjwa mahali ulipo mwilini, badala ya kuueleza kwa nadharia za tangu kale kuhusu majimaji ya mwili na damu iliyoharibika.

Katika Hospitali Kuu ya Vienna, iliyofunguliwa mwaka 1784, wagonjwa wa ngozi walikuwa wameambatanishwa na idara ya kifua iliyoongozwa na Skoda. Wengi wao walikuwa maskini wenye upele, na madaktari hawakuona fahari kuwahudumia. Skoda alimkabidhi Hebra kazi hiyo. Kijana mwingine angeweza kuiona kama adhabu, lakini Hebra alijikuta na wagonjwa wengi wa kuchunguza, wala hakuwa na mkubwa wa kumpinga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja na nafasi ile.

Utafiti wa upele

Ili kuielewa kazi ya Hebra ni lazima kujua madaktari wa wakati wake waliamini nini. Wengi walisema upele ni uchafu wa damu unaojitoa nje kupitia ngozi. Kwa imani hiyo, kuuponya upele haraka kwa dawa ya kupaka kulikuwa hatari: uchafu ungerudi ndani na kuleta pumu, kifafa, wazimu au ugonjwa wa moyo. Matokeo yake mgonjwa alipewa dawa za kuharisha, akatolewa damu, akalazwa kwa majuma mengi, huku akiendelea kujikuna usiku na kuwaambukiza wenzake. Wengine waliachwa makusudi bila dawa ya kupaka, eti kwa usalama wao.

Jambo la kushangaza ni kwamba mdudu mwenyewe alikwisha kuonekana zamani. Waitalia Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni walimweleza mwaka 1687 baada ya kumtazama kwa hadubini. Hawakusadikiwa. Mwaka 1812 huko Paris, mtu aitwaye Galès alitangaza kwamba amempata, lakini baadaye ilibainika kwamba wadudu aliowaonyesha ni wale wa jibini. Aibu hiyo iliwafanya wengi wakatae kabisa kwamba mdudu wa upele yupo. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka kisiwa cha Corsica, Simon François Renucci, alimtoa mdudu kwa ncha ya sindano mbele ya madaktari wa Paris, kama alivyowaona wanawake wa kwao wakifanya. Yaani wanawake wa vijijini walijua jambo ambalo maprofesa walikuwa wakilibishia.

Hata baada ya Renucci swali moja lilibaki: je, mdudu ndiye chanzo cha upele, au anazaliwa tu katika ngozi iliyokwisha kuharibika? Hapo ndipo Hebra alipoingia. Alichukua wadudu kutoka kwa wagonjwa akawaweka kwenye ngozi yake mwenyewe, iliyokuwa nzima. Akapata upele. Alifuatilia vijia ambavyo mdudu jike huchimba katika tabaka la juu la ngozi ili kutaga mayai. Akaonyesha kwamba vidonda, usaha na magaga yanayoonekana mbali na vijia hivyo hutokana kwa sehemu kubwa na kujikuna. Kisha alitibu kwa kuwaua wadudu kwa dawa ya kupaka, bila kutoa damu wala kuharisha, na wagonjwa wakapona bila kupatwa na magonjwa ya ndani yaliyotabiriwa. Maelezo yake juu ya upele yalichapishwa mwaka 1844.

Dawa aliyoitumia sana ilikuwa marhamu yenye salfa, lami ya mti, sabuni laini, chaki na mafuta ya nguruwe. Ilinuka vibaya na kuchafua nguo, lakini iliponya.

Mdudu huyo, Sarcoptes scabiei, kwa hakika si mdudu kamili, kwa kuwa ana miguu minane: ni jamaa ya utitiri na kupe. Mengi aliyoyafundisha Hebra yangali yakifuatwa. Upele hutambulika kwa mwasho unaozidi usiku, na kwa vipele na vijia vidogo kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana pia kichwani, viganjani na nyayoni. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa, na muda wote huo huwaambukiza wengine. Ndiyo sababu watu wote wa nyumba moja hutibiwa siku ileile, hata wasiowashwa, na nguo na matandiko hufuliwa kwa maji ya moto au kufungiwa kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi, maana mdudu hadumu nje ya mwili. Dawa za leo ni permethrini, benzili benzoeti na vidonge vya ivermektini, lakini marhamu ya salfa bado hutumika, hasa kwa watoto wachanga na wajawazito. Mwasho huweza kuendelea kwa majuma kadhaa baada ya wadudu kufa, na wengi hudhani dawa imeshindwa. Vidonda vya kujikuna visidharauliwe, kwa kuwa bakteria wanaoingia humo huweza kudhuru hata figo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017.

Ukurutu

Kabla ya Hebra, vipele, malengelenge, ngozi yenye majimaji, magaga na ngozi kavu inayobambuka vilipewa majina tofauti na kuhesabiwa kuwa magonjwa tofauti. Hebra alipaka mafuta makali ya krotoni kwenye ngozi nzima akatazama yanayofuata. Kadiri mwasho ulivyozidi, aliona wekundu, kisha vipele, kisha malengelenge, kisha usaha na magaga. Na ngozi ilipopoa ilibambuka na kurudi katika hali yake. Akahitimisha kwamba yote ni ukurutu mmoja katika hatua mbalimbali. Kwa mgonjwa faida yake ilikuwa hii: daktari alichagua dawa kwa kuangalia hatua ya ngozi siku ile. Ngozi inayotoa majimaji ilitulizwa, ile kavu na nene ilipakwa lami.

Kwa ukurutu aliagiza pia marhamu ya plasta ya risasi iliyochanganywa na mafuta ya zeituni, iliyoitwa kwa jina lake katika maduka ya dawa ya Ulaya. Siku hizi haifai, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Wagonjwa walioungua vibaya au wenye malengelenge mwili mzima aliwalaza ndani ya maji ya uvuguvugu yaliyobadilishwa daima. Baadhi yao walikaa humo kwa majuma au hata miezi, wakila na kulala humohumo.

Uainishaji na atlasi

Mwaka 1845 Hebra alitoa mpango wa kuyapanga magonjwa ya ngozi katika makundi 12. Mwingereza Robert Willan alikuwa ameyapanga kwa sura ya nje. Hebra aliyapanga kwa badiliko linalotokea ndani ya ngozi, kwa kufuata patholojia ya Rokitansky, na kundi la mwisho aliwapa vimelea. Mpango huo umekwisha kuachwa, lakini ulitawala mafunzo kwa muda mrefu.

Kuanzia mwaka 1856 hadi 1876 ilichapishwa atlasi yake kubwa yenye picha za rangi zilizochorwa na Anton Elfinger na Carl Heitzmann, wote wawili madaktari waliojua kuchora. Katika wakati ambapo hapakuwa na picha za kamera za rangi, mwanafunzi wa mbali aliweza kujifunza kwa macho. Kitabu chake cha mafunzo kilitafsiriwa kwa Kiingereza mjini London kuanzia mwaka 1866. Hebra ndiye pia aliyeeleza vizuri ugonjwa wa erythema multiforme, na ule wa kukaza pua unaoitwa rhinoscleroma.

Hebra na Semmelweis

Hebra alikuwa rafiki wa Ignaz Semmelweis, daktari kutoka Hungaria aliyegundua mwaka 1847 kwamba wazazi walikufa kwa homa ya uzazi kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Alipowalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Semmelweis hakupenda kuandika. Hebra, aliyekuwa mhariri wa jarida la chama cha madaktari wa Vienna, aliandika habari hiyo kwa niaba yake Desemba 1847 na tena Aprili 1848, akiulinganisha uvumbuzi huo na chanjo ya ndui ya Edward Jenner. Haya ndiyo maandishi ya kwanza yaliyochapishwa juu ya jambo hilo. Wakuu wengi hawakuyajali.

Mwisho wa urafiki huo ni wa kusikitisha. Kufikia mwaka 1865 Semmelweis, aliyekuwa amerudi Pest, alionekana kuchanganyikiwa. Mwishoni mwa Julai aliletwa Vienna kwa treni. Hebra alimpokea, akamwambia wanakwenda kuona taasisi mpya ya tiba, kumbe alikuwa akimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Semmelweis alipotambua alijaribu kutoka, akazuiwa kwa nguvu. Alifariki humo tarehe 13 Agosti 1865, majuma mawili baadaye, kwa sumu ya kidonda iliyoenea katika damu. Uchunguzi wa baadaye wa kumbukumbu za maiti yake umewafanya wanahistoria wengi kuamini kwamba alipigwa na walinzi. Hebra alifanya hayo kwa makubaliano na familia ya mgonjwa, na hakuna sababu ya kudhani alimtakia mabaya. Hata hivyo mtu aliyekuwa wa kwanza kuutangaza ukweli wa Semmelweis ndiye aliyemfikisha kwenye mlango huo.

Makosa yake

Kwa kuwa alipinga nadharia ya damu chafu, Hebra aliegemea mno upande wa pili. Alitafuta chanzo cha magonjwa mengi katika ngozi yenyewe, na hakutilia sana maanani mchango wa viungo vya ndani na urithi.

Kosa lake zito lilikuwa juu ya tetekuwanga na ndui. Alishikilia kwamba ni ugonjwa mmoja wenye ukali tofauti. Kwa mafundisho hayo mtu angeweza kudhani kwamba mtoto aliyepona tetekuwanga amekingwa dhidi ya ndui, ilhali sivyo. Sifa za Hebra zilikuwa kubwa, kwa hiyo fikra hiyo ilidumu Vienna hata baada ya wengine kuikataa.

Wanafunzi na familia

Hebra aliongoza idara ya ngozi, akawa profesa kamili mwaka 1869. Madaktari walimjia kutoka nchi nyingi. Mmoja wao, James Clarke White wa Boston, baadaye alikuwa profesa wa kwanza wa magonjwa ya ngozi huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwanafunzi wake aliye maarufu zaidi ni Moriz Kaposi kutoka Hungaria, aliyemwoa binti yake Martha, akakamilisha kitabu chake na kumrithi kazini. Katika Afrika Mashariki jina la mkwe linajulikana kuliko la baba mkwe, kwa sababu ya saratani ya Kaposi, ambayo Kaposi aliieleza mwaka 1872 na ambayo ilienea sana pamoja na UKIMWI katika karne ya 20. Mwana wa Hebra, Hans, naye alikuwa daktari wa ngozi.

Kifo

Hebra alifariki mjini Vienna tarehe 5 Agosti 1880 akiwa na umri wa miaka 63. Mtaa mmoja katika wilaya ya Alsergrund, jirani na hospitali alikofanya kazi, unaitwa Hebragasse.