Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyeshika jembe kule Boga

Katika makanisa yetu ya mashariki jina la Apolo Kivebulaya si geni. Kuna watoto wanaobatizwa kwa jina lake, na wazee wa Boga hukuonyesha kaburi lake kama mtu anavyoonyesha kaburi la babu yake. Tunapomkumbuka, mara nyingi tunasimulia maono yake na mateso yake. Jembe lake tunalisahau. Mimi naona tukilisahau jembe, hatutaelewa kwa nini kanisa lilisimama Boga.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akiwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Alivuta bangi, akawa askari katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda siku zile, na kwa muda alikuwa upande wa Waislamu. Lakini alikuwa amemsikia Alexander Mackay, yule mmisionari fundi aliyefua chuma, akatengeneza mashine na kufundisha Neno kwa mikono yenye mafuta na masizi. Mackay alikufa mwaka 1890. Mbegu aliyoipanda ilikaa, na mwezi wa kwanza wa 1895 Waswa alibatizwa, akachukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la kigeni alilopenda kuvaa. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka uleule alitumwa Toro kufundisha. Mwisho wa 1896 alivuka Ruwenzori na bonde la Mto Semuliki, akafika Boga, ambayo siku zile iliitwa Mboga. Hakuwa wa kwanza. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia, na mfalme wa mahali pale, Tabaro, hakupenda mafundisho yao, hasa yalipogusa pombe na wake wengi. Hakuhitaji kuwapiga kwa mkuki. Aliwakataza watu wasiwape chakula. Njaa ilipowazidi, wale wawili walirudi Toro.

Hapa tusimame kidogo. Buganda ya wakati ule, kulima chakula ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanaume mwenye heshima, tena mwalimu anayejua kusoma, kushika jembe mbele ya watu lilikuwa jambo la aibu. Wale wa kwanza tusiwahukumu haraka. Walikuja wakitegemea kwamba anayefundisha atalishwa, kama ilivyokuwa desturi kwao. Apolo naye alinyimwa chakula vilevile. Akatafuta jembe, akafungua shamba, akapanda, akangoja. Mtu anayelima chakula chake huwezi kumfukuza kwa kumfungia chungu. Tabaro alikuwa na silaha moja iliyofanya kazi vizuri, na Apolo aliinyang'anya kwa kuinama tu asubuhi, siku kwa siku, katika udongo.

Tena wasikilizaji wake walikuwa wakimwangalia. Walimwona akilima, akikata miti na matete ya kujenga, kisha akikaa na wachache waliotaka kusoma na kuwafundisha herufi moja moja. Kujifunza kusoma kulikuwa ndiyo mlango wa ubatizo. Kazi ya namna hiyo haina shangwe. Leo mtu anashika herufi tano, kesho amesahau tatu.

Halafu likatokea jambo baya. Katika kazi ya kujenga, mkuki wa Apolo ulikuwa umelala katika majani, na ndugu ya Tabaro, mwanamke, akauangukia akafa. Tabaro alimshtaki kwamba ameua. Apolo alifungwa, akapelekwa Toro kwa wakubwa Waingereza, akakaa gerezani hadi ilipoonekana kwamba hana hatia. Ni katika miaka hiyo ya dhiki alipata yale maono tunayoyasimulia: Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo aende akawahubirie watu wa msitu kwa kuwa yu pamoja naye. Alipoachiliwa angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga. Shamba lake lilikuwa kule, na wanafunzi wake pia. Baadaye Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, mwaka 1903 kasisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, akitembea kutoka kijiji hadi kijiji. Mpaka wa wakoloni ulipochorwa upya, Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kanisa lile dogo likabaki peke yake ng'ambo ya mstari. Karibu na mwaka 1915 Apolo alirudi kukaa nalo, akiwa na miaka zaidi ya hamsini, umri ambao wengi hutafuta kiti karibu na moto.

Aliandika vitabu vya siku, kwa Kiganda. Mtu anayetafuta humo maneno matamu atachoka mapema. Ni maandishi mafupi ya mfanyakazi: alikwenda wapi, aliwakuta nani, wangapi walibatizwa. Mimi nayapenda kwa sababu hiyo. Hata kuhesabu watu wa kijiji kidogo aliona ni sehemu ya kazi ya Bwana, kwa hiyo alikaa akaandika, ijapokuwa miguu ilikuwa imechoka.

Tangu 1921 aliingia kwa bidii mpya katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti. Watu wengi wa vijiji waliwadharau. Apolo aliketi nao, akasikiliza lugha yao, akaanza kutafsiri Injili ya Marko ili wasikie kwa masikio yao wenyewe. Mwaka 1922 alipewa heshima ya ukanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Heshima ile ilikuwa Kampala. Yeye alirudi msituni. Hakuoa. Mchumba wake alikufa kabla ya ndoa, na hakutafuta mwingine.

Siku hizi vijijini kwetu nasikia walimu wa kanisa wakilalamika kwamba waumini hawawatunzi. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli, na parokia inayomwacha mwinjilisti na njaa ina deni mbele za Mungu. Apolo si fimbo ya kuwapigia walimu wasiolipwa. Lakini wapo pia vijana waliosoma shule ya Biblia ambao wakiona jembe hugeuza uso, kama kwamba tai na udongo havipatani. Paulo mtume alishona hema, na Korintho nzima ilijua. Wapo na wengine, hasa akina mama, ambao wamekimbia vita mara tatu, mara nne, na kila warudipo huanza tena kulima pale palipoota nyasi, bila mtu kuandika habari zao. Boga yenyewe imeona hayo sana miaka hii. Nadhani hao Apolo angewatambua upesi kuliko sisi wenye barua za kuhitimu.

Alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa tano 1933. Desturi ilikuwa marehemu alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao Buganda. Yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ya kule ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo.