Bwana Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Muhula uliopita, katika mkutano mkuu wa duka la ushirika la shule yetu, walihudhuria wanachama kumi na mmoja tu, hali wenye hisa ni wengi kuliko hao mara nyingi. Hesabu zilisomwa, wakapiga makofi, wakatawanyika. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mimi, niliye mwalimu mlezi wa duka hilo, nilirudi nyumbani na moyo mzito. Siku chache baadaye mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa pande hizi za Ziwa, nami sikuona wa kumwandika ila Bwana Paul Bomani.

Wanafunzi wengi wa Mwanza hulijua neno Pamba kuwa ni jina la timu ya mpira. Yafaa wakumbuke pia kwamba mji huu ulikua kwa pamba yenyewe, hasa tangu reli ilipofika hapa mwaka wa 1928. Pamba ilitoka Kwimba, Maswa, Geita na visiwa vya Ukerewe, ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikasafiri kwa gari moshi hadi pwani. Mkulima ndiye aliyeipanda, akaipalilia na kuichuma. Lakini kwa miaka mingi mkulima huyo hakuwa na neno lo lote katika kuiuza.

Marehemu babu yangu alikuwa mmoja wa wakulima hao. Alinieleza habari za magulio ya zamani, yaani vituo vya kununulia pamba. Mtu alifika alfajiri na mzigo kichwani baada ya kutembea usiku kucha, akakaa juani akingoja zamu yake. Mnunuzi aliweka mzigo juu ya mizani, akatazama, akataja uzito, akalipa. Babu hakujua kusoma tarakimu, na hata kama angejua, uso wa mizani ulielekezwa kwa mnunuzi. Nyumbani aliubeba mzigo akauona mzito. Gulioni ukawa mwepesi ghafula. Pengine pamba safi iliitwa fifi, bei ikashuka. Huyo mnunuzi simtaji, wala jina lake silijui.

Hapa nawaomba wanafunzi wafikiri kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya pamba ilipangwa na Serikali, na mnunuzi hakuweza kuipunguza waziwazi. Kwa hiyo hila ilihamia mahali pengine, nako ni kwenye uzito. Aliyeishika mizani ndiye aliyeshika mfuko wa mkulima.

Bwana Bomani alizaliwa mwaka wa 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma Ikizu. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, ule uliogunduliwa na Dokta Williamson mwaka wa 1940. Kazi ya karani mgodini ni kazi ya hesabu, na katika mahali panapochimbwa almasi hakuna kipimo kidogo cha kudharauliwa. Mwaka wa 1947 akaja Mwanza, akashika kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili.

Wafanyabiashara hao wadogo waliwauzia wakulima nguo, chumvi na majembe. Mkulima akipunjwa gulioni, dukani hanunui. Basi kilio cha mkulima kilifika upesi mezani kwa karani wao. Bwana Bomani na wenzake wakazunguka magulioni, wakaona, wakasikia. Dawa waliyoianza haikuwa fujo wala matusi. Wakulima walichanga fedha kidogo, wakaweka wapimaji wao wenyewe wanaojua tarakimu, wenye mizani yao, ili kila mzigo upimwe kabla haujafika kwa mnunuzi. Mtu akija na ratili zake anazijua, na hawezi kudanganywa kirahisi. Jambo dogo kama hili, la mtu mmoja kusimama karibu na mizani na kuitazama, ndilo lililozaa mambo makubwa.

Vyama vya ushirika havikuwa vigeni Tanganyika. Sheria yake ilikuwapo tangu mwaka wa 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu tangu 1933. Lakini Usukuma ni nchi pana, na watu wake ni wengi. Kuanzia mwanzo wa miaka ya hamsini vyama vya msingi vilifunguliwa kijiji baada ya kijiji. Mwaka wa 1953 Bwana Bomani alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, akajifunza uendeshaji wa ushirika. Aliporudi, vyama vile viliungana, na mwaka wa 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, yeye akiwa meneja wake. Shirikisho likapata vinu vyake vya kuchambulia pamba, na ilipofika mwisho wa miaka ya hamsini pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwa wakulima wenyewe. Likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika bara zima.

Miaka hiyo haikuwa myepesi. Bwana Bomani alikuwa pia kiongozi wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika katika Jimbo la Ziwa, na TANU ilipozaliwa mwaka wa 1954 Serikali ya kikoloni ilikizuia chama hicho kisifanye kazi jimboni humo mpaka mwaka wa 1958. Siasa ilizuiwa, ushirika haukuzuiwa. Mikutano ya vyama vya pamba ikawa ndiyo shule ya watu, ambamo walijifunza kuchagua viongozi, kuuliza hesabu na kumwondoa asiyefaa. Wakati huo huo Bwana Bomani aliingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa pande mbili: Dar es Salaam alikaa barazani na wakubwa, na Mwanza alikaa na wakulima.

Mwaka wa 1960 Mwalimu Nyerere alipounda serikali yake, alimkabidhi Bwana Bomani Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Mwaka wa 1962 akawa Waziri wa Fedha. Alikuwa katika kazi hiyo mwaka wa 1965, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zilipoazimia kila moja kuwa na fedha yake na benki kuu yake.

Mwaka huo huo ukaja uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Kila mahali waliposimama wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililowashangaza wengi. Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa ushirika wa pamba, alishindwa hapa hapa Mwanza, na watu wale wale aliowafundisha kuitazama mizani. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyewekwa juu ya mizani.

Nimelitafakari sana jambo hili. Mtu mwingine angekasirika, akawaita watu hawana shukrani. Bwana Bomani alipoteuliwa tena na Rais aliendelea kuitumikia nchi katika uwaziri, akishughulika na mipango ya uchumi. Tangu mwaka wa 1972 hadi 1983 alikuwa Balozi wetu nchini Marekani, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka wa 2005, naye ametimiza miaka themanini.

Na lile Shirikisho lake, je? Hapa yanipasa kusema kweli, maana maisha ya mtu yakiandikwa kwa sifa tupu hayamfundishi mtu. Baada ya yeye kuondoka Mwanza, Shirikisho lilizidi kuwa kubwa, na wanachama wakawa mbali na hesabu zake. Mwaka wa 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ilikuta udhaifu mwingi, watumishi wasio waaminifu, na wanachama wasiojua mambo ya chama chao. Mwaka wa 1968 mahali pa Shirikisho pakaingia Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vilifutwa, mpaka sheria ya mwaka wa 1982 iliporuhusu virudi tena. Babu yangu aliyaona yote hayo. Aliniambia kwamba katika uzee wake aliwahi kupunjwa tena gulioni, na mara hii mpimaji alikuwa jirani yake.

Basi, wasomaji wapenzi, mizani haina huruma kwa sababu aliyeishika ni ndugu. Zamani wakulima walidhani adui ni mgeni, kumbe adui ni uzito usiotazamwa na wenye mali. Bwana Bomani aliwapa watu wapimaji. Hakuweza kuwapa macho ya milele. Kila kizazi hupaswa kusogea karibu na mizani chenyewe, na kusoma tarakimu chenyewe.

Kwa hiyo nawarudia wanachama wa duka letu. Mtunza hesabu ni mwanafunzi mwema, nami simshuku hata kidogo. Ni kwa ajili hiyo nataka aulizwe, maana mtu mwema asiyeulizwa huachwa peke yake na majaribu. Hesabu za muhula huu zitabandikwa ukutani karibu na mlango wa duka, juma moja kabla ya mkutano. Wazazi watakaokuja siku hiyo wanakaribishwa kuzisoma pia. Njoni na kalamu, jumlisheni wenyewe, na palipo na shaka inueni mkono. Mkinikuta mimi ndimi niliyekosea, nisahihisheni mbele ya watu wote, nami nitashukuru.