Grant, mgonjwa wa Bweranyange aliyeacha kumbukumbu ya Karagwe

BWERANYANGE, wilayani Karagwe mkoani Kagera, palikuwa makao ya Mukama Rumanyika mnamo mwaka 1861. Himaya yake ilijumuisha pia maeneo ambayo tangu mwaka 2012 ni ya Wilaya ya Kyerwa. Hapo ndipo alipougulia Kapteni James Augustus Grant, Mskoti ambaye barua, shajara na michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Grant, mtoto wa mchungaji, alizaliwa Nairn Aprili 11, 1827. Aliingia jeshini India mwaka 1846, akajeruhiwa huko Lucknow mwaka 1857. Miaka mitatu baadaye aliondoka Unguja pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile.

Walifika kwa Rumanyika Novemba 25, 1861, na Mukama akawakaribisha kwa Kiswahili fasaha. Si ajabu, kwani wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo Kafuro, jirani na ikulu.

Muda si mrefu mguu wa Grant ukavimba, ukakakamaa na kutoa usaha. Wataalamu wa tiba wa zama zetu wanaona kuwa huenda hayo ndiyo maelezo ya kwanza yaliyoandikwa kuhusu kidonda cha Buruli. Januari 10, 1862 Speke alitangulia kwenda Buganda, ambako ilisemekana mgeni mgonjwa haruhusiwi kuingia. Grant akabaki katika ulinzi wa Rumanyika, bila daktari, asijue kama atasimama tena.

Miezi hiyo mitatu ya upweke ndiyo yenye thamani kwetu. Mtu asiyeweza kutembea alitazama yaliyopita mbele ya kibanda chake: watu, ng'ombe wenye pembe ndefu, mimea na hali ya hewa. Aliyaandika na kuyachora. Ni kweli alitazama kwa macho ya afisa wa kikoloni, na hukumu zake juu ya Waafrika hazipaswi kupokelewa bila kupimwa. Hata hivyo, ni wachache walioishi karibu na Rumanyika kwa muda huo wakiwa na kalamu mkononi.

Aprili 14, 1862 alibebwa kwa machela kuelekea Buganda. Julai, akiwa bado anachechemea, Speke alimtuma Bunyoro na mizigo, kisha yeye peke yake akayaona maporomoko ambako Nile hutoka Ziwa Victoria. Wapo walioona kwamba Grant alidhulumiwa. Yeye hakulalamika hadharani, na Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, aliendelea kumtetea. Kwa hiyo barua za faragha za watu hawa wawili zina uzito kuliko vitabu vyao, maana kitabu huandikiwa umma. Barua za Speke kwa mchapishaji wake, Blackwood, nazo zimo katika maktaba hiyohiyo.

Grant alichapisha kitabu cha safari mwaka 1864, akatunukiwa medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme, na mwaka 1868 akashiriki vita vya Waingereza huko Uhabeshi. Swala granti amepewa jina lake. Alifariki Nairn Februari 11, 1892.

Mtafiti wa Kayanga au Nkwenda anayetaka kuzishika karatasi zilizoandikwa Bweranyange hana budi kufunga safari hadi Edinburgh.