Emile Roux na mchuzi ulioanikwa juani

Jina la Louis Pasteur linajulikana hata na watoto wa shule. La msaidizi wake, Daktari Emile Roux, aliyefariki dunia mjini Paris tarehe 3 Novemba 1933, ni nadra kutajwa nje ya Ufaransa.

Roux alizaliwa Confolens, magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1853, akajiunga na maabara ya Pasteur mwaka 1878. Mwaka 1883 alikwenda Misri kuchunguza kipindupindu, safari iliyogharimu maisha ya mwenzake kijana, Louis Thuillier.

Mwaka 1887 alilishughulikia suala lililoonekana dogo. Mtafiti wa Lyon, Saturnin Arloing, alikuwa ametangaza kwamba mwanga wa jua huziangamiza mbegu za bakteria wa kimeta upesi kuliko bakteria wenyewe. Watu walistaajabu, kwani mbegu hizo huhimili joto na ukavu ambao bakteria hawauwezi. Roux aligeuza jaribio. Aliuanika kwanza mchuzi wa kuoteshea vijidudu, ukiwa mtupu, ndipo akazitia mbegu. Hazikuota. Bakteria waliokwisha kuchipua, wakitiwa katika mchuzi uleule, walistawi. Jua, likisaidiana na hewa, lilikuwa limekiharibu chakula kabla ya mlaji kufika.

Hakukanusha kwamba jua huua. Mbegu zilizoanikwa kwa muda mrefu zilikufa kweli. Wanasayansi waliomfuata walibaini kuwa mwanga huweza kuzalisha haidrojeni peroksaidi katika vimiminika vya aina hiyo, nayo ni sumu kwa vijidudu. Kwa hiyo anayepima athari za mionzi katika umetaboli wa viumbe hao hana budi kuuliza kwanza: kilichopigwa ni kiumbe, au ni chakula chake?

Mwaka 1888 Roux na Alexandre Yersin waliuchuja mchuzi walimoota bakteria wa dondakoo, hata asibaki mmoja. Maji yaliyosalia yaliwaua wanyama wa majaribio: muuaji alikuwa sumu iliyoachwa mchuzini. Kinga ya sumu hiyo iligunduliwa Berlin, na Emil von Behring akapata tuzo ya Nobel mwaka 1901. Lakini ni Roux aliyetumia farasi kuizalisha kwa wingi. Matokeo aliyoyatangaza Budapest mwaka 1894 yalionyesha kuwa, katika hospitali ya watoto mjini Paris, vifo vilishuka kutoka nusu ya wagonjwa hadi robo hivi.

Aliiongoza Taasisi ya Pasteur tangu mwaka 1904 hadi kufa kwake. Kaburi lake limo katika bustani ya taasisi hiyo.