Francisco Tárrega, Mpiga Gitaa
Leo twamkumbuka Francisco Tárrega, aliyezaliwa Villarreal, Hispania, mwaka 1852. Utotoni alianguka mferejini, macho yakadhurika. Baba yake alihofu atapofuka, akamtia katika muziki apate riziki. Walimu wake wa kwanza walikuwa vipofu. Mwaka 1874 aliingia chuo cha muziki cha Madrid.

Alizichukua kazi za piano za Chopin na Beethoven, akazipanga kwa gitaa. Si kazi ndogo: mpiga piano hutumia vidole kumi, bali kwenye gitaa mkono mmoja hubana nyuzi, mwingine huzipiga. Ilimpasa achague sauti za kuacha, wimbo usipotee.

Mwaka 1906 alipooza upande wa kulia. Akafariki Barcelona mwaka 1909. Sisi tuliofundisha twasema: mtoto mwenye upungufu asifichwe nyumbani, atafutiwe mwalimu.