Blumlein, Bwana Aliyeipa Sauti Mahali Pake

Wazee wetu wa pwani wamjua vyema marehemu Siti binti Saad, aliyevuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 hadi Bombay kwenda kuimba mbele ya mitambo ya kunasa sauti, na wengi wameyasoma maisha yake katika kitabu cha marehemu Shaaban Robert. Lakini Alan Dower Blumlein ni wachache wamjuao. Bwana huyu hakuwa mwimbaji. Hata hivyo, kila anunuaye siku hizi risiva ya sinema ya nyumbani, ile yenye spika tano na moja ya besi, huingiza sebuleni mwake fikira za mtu huyu. Nami nimeona ni haki habari zake ziandikwe, hasa kwa kuwa hata kifo chake kilifichwa.

Alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Babake, Semmy, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza, na mamake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmisionari wa Kiskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka saba aliitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akampelekea babake hati ya kudai malipo. Kusoma lakini kulimwia vigumu mno. Alifika miaka kumi na miwili akiwa bado hajasoma sawasawa. (Wazazi wenye mtoto mzito wa kitabu lakini mwepesi wa bisibisi na walikumbuke hilo.) Alipopata shahada ya uhandisi mwaka 1923 ilikuwa ya daraja la kwanza. Mwaka uliofuata akaingia kazi ya simu, akishughulika na nyaya ndefu zilizokuwa zikichanganya mazungumzo ya huyu na yule.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliungana na Gramophone Company, yenye ile alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ambayo ndiyo iliyomrekodi Siti Bombay. Muungano huo ukaitwa EMI, na humo Blumlein akafanya kazi hadi mwisho wa uhai wake.

Basi mwaka huo wa 1931 alikwenda sinema na mchumba wake, Doreen Lane. Filamu zenye sauti zilikuwa bado changa. Blumlein akaona jambo ambalo watazamaji wengine walikuwa wamelizoea: mchezaji avuka pazia kutoka pembe hii hadi ile, lakini sauti yake haiondoki pale ilipo spika. Akamwambia Doreen kwamba yeye anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu aendako. Tarehe 14 Desemba 1931 alipeleka ombi la hataza ya uvumbuzi huo, lenye madai 70, na hataza ikatolewa mwaka 1933 kwa namba 394325.

Siri yenyewe imo katika masikio yetu. Mtu akikuita kutoka kulia, sauti hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na akili huitambua papo hapo. Blumlein aligundua kwamba spika mbili zikitoa sauti ile ile, moja kwa nguvu kuliko mwenzake, basi kwa sauti za chini masikio hupata tofauti ya wakati kama ile ambayo mtu halisi angeileta. Msikilizaji humsikia mtu mahali pasipo na spika kabisa. Hiyo ndiyo stirio. Spika za ubavuni ziliongezwa na wengine, lakini juu ya msingi huo.

Mambo haya niliyaona kwa macho yangu Lokori, kule Turkana Mashariki karibu na Mto Kerio, nilikokaa kwa kazi. Jirani yangu hapo alikuwa mwenye duka, mtu wa kwetu pwani, aliyemchukua mamake mzazi aishi naye. Macho ya bibi yule yalikuwa yamekwisha nuru. Jioni watu wa nyumba wakitazama filamu yeye hukaa mkekani akisikiliza, na kila mara huuliza ni nani asemaye na yuko wapi, kwani sauti zote zilitoka pamoja kwenye televisheni moja ndogo. Wajukuu walichoka kumjibu, naye akaanza kuondoka mapema kwenda kulala. Mwanawe akanunua risiva iliyokwisha tumika, isiyo na kitabu cha maelekezo, akazipanga spika zote juu ya ukuta mmoja kama sahani kabatini. Mambo yakazidi kuharibika.

Tulianza na nyaya. Kila spika ina ncha mbili, nyekundu na nyeusi, na nyuma ya risiva ni vivyo hivyo. Nyekundu iende kwa nyekundu. Spika moja ya mbele ilikuwa imegeuzwa. Hapo moja husukuma hewa wakati mwenzake aivuta, besi hufa, na sauti ya msemaji haijulikani itokako. Kisha tukazishusha spika. Mbili za mbele tukaziweka kulia na kushoto kwa televisheni, kwa urefu wa sikio la mtu aliyeketi, na umbali baina yao ukawa sawa na umbali wa kila moja hadi mkeka wa bibi. Ya katikati ikakaa chini ya televisheni, nyingine mbili zikakaa ubavuni mwake, nyuma kidogo ya masikio. Ya besi tuliiweka penye nafasi, kwani sauti nzito sana sikio haliitambui ilikotoka.

Ikabaki hesabu. Sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde penye joto la nyuzi 20, na kwa joto la Lokori hufika kama mita 350. Yaani karibu sehemu tatu za elfu za sekunde kwa kila mita. Spika za ubavuni zilikuwa mita moja na nusu tu kutoka kwa bibi, za mbele mita tatu. Tukapima kwa tepu ya seremala, tukaipa risiva namba hizo, nayo ikazichelewesha zile za karibu ili zote zimfikie kwa wakati mmoja. Halafu tukasawazisha nguvu kwa ule mvumo ambao risiva huutoa spika baada ya spika. Bati na kuta tupu zilikuwa zikirudisha kelele, tukatundika mikeka ya miyaa, kwani mikoma kule imejaa kama kwetu.

Filamu ikaanza. Mlango ukafungwa upande wa kushoto, na bibi akageuza uso kushoto. Jioni ile aliuliza mara moja tu, kutaka kujua kwa nini mwanamume yule mwovu amerudi tena.

Baadaye akaomba Siti. Nyimbo zilipoanza, spika za ubavuni zikanyamaza, na jirani akadhani zimeungua. La, zilikuwa nzima. Santuri za zamani zina mkondo mmoja wa sauti. Risiva iliyowekwa kwenye hali ya sinema hulinganisha kulia na kushoto. Lililo sawa kwa zote mbili hulipeleka katikati, na lililo tofauti hulipeleka ubavuni. Kwa Siti hapakuwa na tofauti yoyote, kwa hiyo alisimama katikati peke yake. Hesabu hiyo ya jumla na tofauti ya mikondo miwili imo tayari katika hataza ya Blumlein ya mwaka 1931.

Yeye mwenyewe alijaribu kila njia. Alinasa sauti za watu wakitembea huku wakisema. Januari 1934, katika studio za Abbey Road, alimnasa Thomas Beecham akiongoza simfonia ya Mozart. Na mwaka 1935 akapiga filamu ya magari ya moshi yakipita stesheni ya Hayes, na mlio ukayafuata. Kisha kampuni ikaiweka stirio kando. Fedha na mafundi vilihitajika kwa televisheni, na Blumlein alikuwa miongoni mwa wakuu wa mtambo wa mistari 405 ambao BBC ilianza kuutumia Novemba 1936.

Vita vilipozuka akatiwa katika kazi ya rada. Tarehe 7 Juni 1942 alipanda ndege aina ya Halifax kujaribu H2S, chombo cha kumwonyesha rubani nchi iliyo chini yake usiku au penye mawingu. Injini moja ilishika moto, na ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, ikawaua wote 11 waliokuwamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati moja ndani ya injini haikukazwa. Blumlein alibakiza majuma matatu kutimiza miaka 39. Jina lake lilikuwa katika hataza 128. Kwa ajili ya siri ya vita habari hazikutangazwa, na Doreen akabaki na wana wawili na msiba usiotajwa magazetini.

Santuri za stirio ziliingia madukani kwa wingi mwaka 1958, mfereji wake umechongwa kwa nyuzi 45 kila upande, kama alivyoeleza katika hataza. Tuzo ya ufundi ya Grammy alipewa mwaka 2017. Majaribio yake ya miaka ile yamehifadhiwa, na atakayeyapata ayasikilize kwa spika mbili za mbele tu, zile nyingine azizime.